Nilivyopepeta Mchanga wa Mirihi

Kwa dada yangu Mwajuma, Mtendeni, Tabora.

Shikamoo dada. Magoti yanaendeleaje? Mimi huku Ulaya navaa masweta matatu, lakini mzima, alhamdulillahi, tena nimenenepa.

Kaa vizuri nikupe habari za Rehema wangu. Unajua anasomea upepo wa sayari ya Mirihi, unavyolundika mchanga ukawa vilima kama mwezi mwandamo, pembe zimeelekea upepo unakokwenda. Akiona picha tu, anakwambia upepo umetoka wapi! Mababu zetu wapagazi walifika pwani kwa miguu. Mjukuu wao kafika Mirihi na viatu havijachakaa.

Lakini nusura nimharibie. Siku moja kabla ya mtihani wake wa mwisho wa udaktari nilikuta jikoni kopo la unga wa kahawia, umejaa maganda. Nikasema, mtoto anakula takataka hizi? Nikachukua ungo wangu niliokuja nao, nikasimama roshani, nikapepeta. Nikabaki na chenga kiganja kimoja.

Rehema kurudi: "Mama! Huo ndio mchanga wangu wa Mirihi!"

Kumbe ni maganda ya kokwa yaliyosagwa. Kule vitu vina uzito mdogo, kwa hiyo mchanga wetu ni mzito mno kwa majaribio. Alilia, nikalia. Miaka minne ya kusoma, mama mtu kaipeperusha!

Mara akafuta machozi, akainama kutazama sakafu ya roshani. Chembe nzito zimebaki pale niliposimama, laini zimeenda mbali, nyingine zimejipanga mkia nyuma ya chungu cha maua. "Mama, kesho unakuja na ungo."

Tukazizoa zote kwa karatasi. Kesho yake nikapepeta mbele ya maprofesa watano, nimevaa kitenge changu kipya. Mzee mmoja akauliza, Rehema alinitafsiria baadaye: "Hewa ya kule ni nyembamba mno. Upepo utasukumaje mchanga?"

Mwanangu hakutetereka. "Chembe moja ikiruka, ikitua inagonga wenzake, nao wanaruka. Polepole kilima kizima kinahama."

Wakatutoa nje. Dada, nilisoma kila dua ninayoijua. Tulipoitwa, wakampa mkono mmoja mmoja. Amefaulu! Nikapiga vigelegele mpaka mlinzi akaja mbio. Yule mzee akaomba ungo ajaribu, akamwaga chembe zote kwenye viatu vyake. Nikamwambia Rehema amtafsirie: "Huyu arudi darasani."

Nisalimie shemeji fundi cherehani, na mkweo anayejifungua karibuni. Baba Rehema mpe habari akiwa amekaa.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Daktari