Kadi ya Feni Tatu

Jumamosi, baada ya isha

Hongera zangu, mtaalamu. Wiki nzima nimemsumbua fundi wa Kanyenye nikichagua kadi ya picha ya kompyuta yangu, mpaka nikapata yenye feni tatu, ili mchezo wa kupigana risasi mtandaoni usigande. Leo umeganda vilevile, nikauawa nimesimama kama mlingoti, timu nzima ikinicheka.

Nikampigia fundi, nikamfokea kwamba kaniuzia kimeo.

Kisha nikainama chini ya meza. Kompyuta imevishwa kitambaa cha kufuma, maua mekundu, kama redio ya sebuleni. Feni zote tatu zimefunikwa.

"Mama, hii inahitaji kupumua!"

"Na vumbi la Tabora je?"

Kesho sijui nitaenda kwa fundi na uso gani. Mama hana wasiwasi. Nimemwacha anapima skrini kwa shubiri. Kitambaa cha pili kitakuwa cha bluu.