Upinde Niliopaka Mafuta

Akinyi mjukuu wangu,

Nakusalimu huko Doha. Huku tu wazima, na goti langu limepoa. Anayeniandikia ni shangazi yako, maana mimi shule sikuiona, na nimemkataza kunirekebisha.

Unaniuliza, Ijumaa meneja mpya wa hoteli akija kusikiliza bendi yenu ya muziki wa kantri ili aamue nani arudishwe Kenya, kisha fidla ikugomee, ufanyeje?

Nilipokuwa msichana nilisimama harusini kupiga orutu, ile fidla yetu ya uzi mmoja. Wazee hawakutaka mwanamke aishike. Kwa woga nilikuwa nimeupaka upinde mafuta, nikidhani utateleza vizuri. Kumbe mafuta huua sauti. Nikavuta, kimya. Nikavuta tena, kimya.

Mzee mmoja, naye mpiga orutu, akasema, "Mpeni mwiko, huo anaujua."

Sikuondoka. Nikaweka upinde chini, nikapiga uzi kwa kidole na kuimba kwa sauti yangu mbaya mpaka bibi harusi akaanza kucheza.

Yule mzee akafoka, "Mpeni upinde wangu. Huyu haondoki."

Basi Ijumaa usiondoke mpaka wimbo uishe. Wakikurudisha, njoo, mimi sitakuuliza kitu, nitakupakulia chakula ule.

Nyanya yako