Nguzo Niliyoinyoosha kwa Kompyuta

Kwako Papa, uliyetutangulia,

Ni mimi, binti yako wa kwanza. Nakuandikia mbele ya watu wote kwa sababu ulibeba kosa langu mbele ya watu, nami nikanyamaza.

Unakumbuka ulivyonifundisha chuma kabla sijajua hata kuandika vizuri? Ulinipa kipande cha waya uani, ukaniambia nikikunje kidogo tu, kikarudi. Kisha ukasema nizidishe, na hakikurudi tena. Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, profesa alitumia muhula mzima kusema jambo hilohilo kwa hesabu. Unaipakia fremu ya jengo uzito kidogo kidogo, na kila hatua kompyuta inatafuta kama nguvu zimelingana. Chuma kikishapita kiwango chake, hesabu ya mwanzo haifai tena, unarekebisha, unarudia. Nilipokueleza ulicheka, ukaniuliza kama hiyo kompyuta iliwahi kubeba hata mfuko mmoja wa simenti.

Halafu ikaja hangari ya yule mfanyabiashara wa unga kule Ruashi. Mimi nilipiga hesabu, wewe ukalehemu. Nguzo zilikuwa chuma cha zamani kutoka migodi ya Kambove, zilizopinda zikanyooshwa kwa moto na nyundo, kama tunavyofanya hapa kwetu. Ulilala chini, ukafumba jicho moja, ukaitazama ile ya katikati kwa urefu wake wote.

"Mama," uliniambia, maana ndivyo ulivyozoea kuniita, "hii poteau haiko droit. Ilisha kuchoka. Uiandike vile iko."

Niliiandika nguzo hiyo isiyonyooka vile ilivyo, Papa, kweli niliiandika. Hesabu ikakataa. Ilifika karibu na uzito wa paa zima, ikarudia na kurudia bila kupata jibu. Nikasema programu ina kasoro. Tulikuwa tumechelewa, na mimi nilikuwa na kiburi cha diploma mpya. Nikafuta kule kupinda, nikaandika kwamba nguzo imenyooka, na jibu likatoka mara moja. Sikukuambia.

Paa lilianguka mchana, wafanyakazi wakiwa nje wanakula bukari, ugali wetu. Namshukuru Mungu kwa bukari ile. Nilipofika nilikukuta umewasha gesi, unakata maungio yote, eti unafungua njia. Nilidhani umechanganyikiwa. Mwenye hangari alipouliza kosa ni la nani, ulizima moto, ukavua miwani.

"Soudure ni yangu, ni mimi nililehemu. Mutoto hana na kosa."

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwako. Nilitazama viatu vyangu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekuletea hata mlango wa kulehemu. Ulikaa uani ukisafisha vifaa ambavyo havikuwa vimechafuka, na hukunisema hata mara moja; afadhali ungenitukana. Kwenye kilio chako fundi mwenzako alisimama akakusifu: mtu wa sala, mtu wa haki, fundi mzuri isipokuwa siku moja. Watu wakaguna kukubali. Nilikuwa pale kwenye mkeka.

Wiki iliyopita nilifungua lile faili. Nikairudisha nguzo ilivyokuwa imepinda, nikapakia uzito kidogo kidogo. Hesabu ikakwama palepale ilipokwama mara ya kwanza. Haikuwa kasoro ya programu. Fremu ilikuwa inaniambia kwamba inaanguka. Ni ile nguzo ya katikati iliyoshindwa, na maungio yako yangebeba uzito ule na zaidi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini uliyakata. Yalikuwa mazima, na mtu yeyote angeyaona akajua kosa ni la hesabu.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja wewe ukiwa umeshaondoka, na inaniuma, Papa, inaniuma kila asubuhi. Jana nilimpelekea mwenye hangari barua hii, mpaka hapa ilipokuwa imefika. Fundi mwenzako nilimsomea mwenyewe, kwenye karakana yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu: kama ulijua kwamba nilifuta kule kupinda kwa mkono wangu.

Nilimwambia sijui. Nilikuwa na miaka mitatu ya kukuambia, tukiwa uani humo humo, na kila siku nilikusalimia tu nikapita.

Pumzika, Papa.

Binti yako, aliyepiga hesabu