Bakuli Lililorudi Tupu

Jumatatu, 3 Mfungo Saba

Kwa jina la Mola aonaye yaliyofunikwa. Amani iwe juu ya nyumba hii na juu ya marehemu mke wangu. Nimesomesha baada ya Alasiri. Watu wanne tu. Magharibi binti yangu Zuhura ameleta chakula, kama kila siku tangu mamake afariki: bakuli la maua, kawa juu. Nyama ya mbuzi, laini, yenye ukali kidogo. Nimeila hadi mwisho. Alhamdulillahi.

Jumatano, 5

Nyama ile tena. Nimemuuliza Zuhura kaipikaje, nipate kumsifu. Hakuficha. Katika nyumba ya wageni anakopika huko Shela, mwenye nyumba huagiza mvinyo mwekundu wa Kifaransa, wa bei nafuu, mchanganyiko wa zabibu aina tatu. Asema wafaa kwa kila chakula. Masalio ya chupa Zuhura huyatia nyamani.

"Baba, si ulisomesha mwenyewe? Pombe ikigeuka siki ni halali. Na moto waigeuza."

Nimeinuka. Nimetapika uani.

Ijumaa, 7

Nimefungua kitabu, ingawa mas'ala haya nayajua kwa ghaibu. Pombe huwa twahara ikigeuka siki yenyewe, bila kutiwa kitu. Kuipika hakuisafishi. Nalikumbuka darasa lile. Zuhura wakati huo ana miaka tisa, yuko nyuma ya pazia la wanawake msikitini. Nilitamka nusu ya kwanza, kwamba ikigeuka siki ni halali, adhana ikanikatiza. Sikurudi kumaliza. Kosa ni langu. Hasira haikupungua kwa kulijua hilo. Jioni ameacha bakuli kizingitini, samaki wa nazi. Sikuonja.

Jumamosi, 8

Samaki nimewapa paka. Bakuli nimelirudisha kwa mkono wangu, tupu. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hutiwa japo chumvi. Nilijua nifanyalo.

Jirani yake, Bi Khadija, alikuwa barazani. "Mwalimu, tende zimekwisha Lamu nzima?" Akacheka. Zuhura alitazama ndani ya bakuli. Hakucheka. Nikamwambia, jirani akisikia, kwamba mkono wake umenajisika.

"Basi niuoshe na nini, baba?"

Nikageuka nikaondoka, mimi niliyejibu maswali ya twahara miaka arubaini.

Alhamisi, 13

Hajaja. Mkate na chai. Leo nimeisomesha msikitini nusu iliyobaki ya somo lile. Watu watatu. Aliyestahili kuisikia hakuwapo, na pazia lile liliondolewa zamani. Nimeona aibu mbele ya kitabu.

Jumatatu, 17

Hajaja. Naambiwa yuko mzima, huenda Shela asubuhi, hurudi. Hapiti ndia yangu.

Alhamisi, 20

Nimekwenda kwake na tende kwenye sahani. Nimemweleza yote: kwamba alikosea kwa sababu nilimpa nusu, kwamba mbele ya Bi Khadija nilimdhulumu. Alisikiliza amesimama mlangoni.

"Nimesikia, baba. Ahsante."

Hakunikaribisha. Alimimina tende, akaiosha sahani, akaifuta, akanirudishia papo hapo. Tupu.

Nimeiweka kidakani. Sidhani atakuja. Sina la kumlaumu.

Ewe utakayelifungua daftari hili nami sipo: Mola akubariki, awaneemeshe wa nyumbani mwako, na vyombo vyenu visirudi vitupu. Amin.