Bomba Lililolazwa Juu ya Mchoro

Fulgensi, Polikarpo amenitia kichefuchefu. Msimamizi mzima wa karakana amelaza ncha ya bomba la mafuta ya kivuko juu ya mchoro wa kiungo, akatia alama ya chaki, akakata!

Juu ya mchoro! Kama fundi mitumbwi anayelinganisha makasia.

Nikamwambia, "Mchoro huu ni nusu ya ukubwa halisi. Soma tarakimu: bomba liingie nusu inchi ndani ya jingine, ndipo tulehemu kwa shaba." Yeye ameliingiza robo tu, akalehemu. Akacheka. "Mzee, hiyo shule yako ya usiku haikuwa na taa? Mimi nimeona kwa macho."

Nikalipinda kidogo tu. Likaachia kwenye kiungo pale pale mkononi mwangu. Unajua alisemaje? "Umelivunja makusudi." Makusudi!

Kisha akachukua la pili, alilokata vile vile, akalifunga kwenye injini. Eti Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, anataka kivuko kesho asubuhi.

Mkeo Aurelia asivuke na mpunga wake. Mafuta yakimwagikia injini ya moto, watu watajirusha mtoni kwenye viboko.

Mimi nakwenda Kivukoni sasa hivi. Nitaikalia injini yenyewe. Anayetaka kuiwasha aniondoe kwanza.