Majur Anahama Timu

Jumapili, 4 Februari

Wa pili! Tumemaliza mbio za magari wa pili, na Subaru ya Mzee Conrad, mwenye timu yetu, iliyochoka kuliko sisi wote. Vumbi la barabara ya Rajaf bado liko kwenye meno nikiandika.

Gia ya tatu ilikataa katikati ya mbio. Majur akawa anaruka kutoka ya pili hadi ya nne, na mimi, mwelekezi wake, nasoma kona kama kawaida — kulia kali, usikate, kuna jiwe. Hakuniuliza kitu. Tunaelewana hivyo. Hata siku za kawaida mjini, kwa sababu gari ni la Uganda na usukani uko kulia, na Juba tunaendesha kulia, yeye haoni mbele ya lori. Huniuliza tu, “Kuko?”, yaani kuna gari linakuja. Nikisema hakuko, anapita.

Pale mwisho kulikuwa na wageni wawili. Alier, yule mwenye vituo vya mafuta, ambaye amenunua gari jipya na sasa anatafuta timu ya kuweka ndani yake. Na Norman kutoka Kampala, kiongozi wa timu ya Manjano. Manjano wenyewe! Mtoto yeyote aliyewahi kusimama kando ya barabara ya mbio anajua zile ovaroli. Wote wawili walimvuta Majur pembeni. Mimi niliambiwa hongera.

Jumatatu, 5 Februari

Nilipitia gereji ya timu, mtaa wa Buluk, baada ya zamu ya hoteli. Mzee Conrad alikuwa chini ya gari. Watu wa boda wameshajua kila kitu, wanabishana Majur ataenda wapi. Wengine wanasema Alier, wengine Manjano. Hakuna aliyesema atabaki.

Conrad alisikiliza tu, kisha akasema kutoka huko chini: “Dereva iko kama ng'ombe. Inafuata majani.”

Hakusema kwa hasira. Amefundisha madereva wengi tangu aje kutoka Masaka, na wote wameondoka kufuata pesa. Amezoea.

Jumatano, 7 Februari

Majur alinipeleka kunywa chai karibu na bandari ya mto. Wapakiaji walikuwa wanajaza magunia kwenye meli ya kwenda kaskazini. Alizungusha kijiko mpaka chai ikapoa.

Alier anatoa mshahara kila mwezi, kwa dola. Nyumba mtaa wa Thongpiny. Gari jipya. Na mimi pia ananichukua, kiti cha mwelekezi ni changu.

Manjano hawatoi mshahara. Matairi, chumba nyuma ya karakana yao, chakula. Na mwelekezi wanaye, wa miaka mingi. Hilo la mwisho alilisema akiangalia kikombe.

Nilimwambia achukue pesa. Nilimpa sababu, na zote ni za kweli: mama yake, karo ya wadogo zake, miguu ya dereva haidumu, jina la timu ni la timu, si lako. Niliongea vizuri sana. Alitingisha kichwa, akasema nina akili.

Nikitembea kurudi nyumbani ndipo nikaona kwamba sababu moja sikuitaja. Yangu.

Ijumaa, 9 Februari

Tumekula kwa mama yake Majur, Mama Akuac. Ugali na samaki — miaka tuliyoishi Kitale, Kenya, haijamtoka. Alishasikia habari zote mbili na hakutaka maneno mengi. Hawajui Manjano, na hana haja ya kuwajua. “Jina halichemshwi,” akasema, akaniongezea samaki kwa sababu nilimuunga mkono.

Majur alimaliza sahani yake, akaenda kunawa. Nilijisikia kama mtu aliyeshika mlango ili mwenzake asitoke.

Jumapili, 11 Februari

Majur amekuja baada ya kanisa, bado na shati la kanisa. Anaenda Kampala.

Nilikuwa na maneno tayari. Nilimwambia ni ile ovaroli tu. Tulikuwa watoto Kitale wakati Manjano walipopita, alikimbia nyuma yao mpaka akapoteza kiatu, na sasa mtu mzima bado anakimbia. Alicheka. Alikubali kwamba ovaroli imo, hawezi kudanganya. Kisha akanieleza jambo ambalo hakunieleza siku ya chai.

Siku ya mbio Alier hakutazama hata kona moja. Alikuwa kwenye hema, simu sikioni. Alimwahidi nyumba mtu ambaye hajamwona akiendesha. Norman hakuahidi kitu. Aliomba video ya ile kamera ya ndani ya gari, akakaa nayo, akaitazama yote, akarudisha nyuma, akatazama tena. Halafu akamuuliza swali moja.

“Lipi?” nikasema.

“Pale kabla ya daraja. Nilipiga breki. Norman akaniuliza, huyo msichana amekuambia wazi kwamba njia ni safi, mbona hukumwamini?”

Ni kweli nilimwambia. Ni kweli alipiga breki. Tungekuwa wa kwanza. Na mimi wiki nzima nimejilazimisha kufikiri labda nilisoma kwa kuchelewa.

“Ulimjibu nini?”

“Nilimwambia niliogopa. Akasema vizuri, hapo ndipo tutaanzia.” Akakunja mikono ya lile shati. “Nyaluak, hakuna mtu amewahi kuniambia kosa langu akiwa bado ananitaka. Malesh, nisamehe kwa lile daraja.”

Watu wa boda watasema ameenda kwa sababu ya jina. Sijui kama hili nalo huitwa jina. Najua tu kwamba timu isiyonihitaji ndiyo pekee iliyonisikiliza mpaka mwisho. Nimekasirika, na nimefurahi, na nimeshindwa kulala mchana.

Jumanne, 13 Februari

Leo Majur amemwambia Mzee Conrad. Aliniomba niwepo.

Conrad alikuwa amejiandaa. Hata mkewe, Proscovia, alikuwa ametengeneza chai kama ya kuaga mgeni. Alidhani ni Alier. Alianza yeye mwenyewe kusema si vibaya, kijana ale matunda ya kazi yake. Majur akamkatiza, akasema si Alier, ni Manjano.

“Manjano? Wanalipa ngapi?”

Majur akasema hawalipi.

Conrad alicheka kidogo. Kisha cheko likaisha na yeye akaketi juu ya tairi.

“Kama ni pesa mimi naelewa,” akasema. “Pesa mimi haina, kila mutu anajua. Lakini jina... Mimi nilifikiri sisi iko na jina.”

Hapo hakuna aliyejua aangalie wapi. Majur alichuchumaa mbele yake, akamwambia kila anachojua cha gari amekitoa hapa Buluk, na kwamba hata Norman aliuliza ni nani alimfundisha kuingia kona. Conrad alitaka kujua Norman aliuliza kwa maneno gani. Majur akayarudia neno kwa neno. Akayarudia tena. Mzee akafuta mikono kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi.

Wote waliotangulia walimwachia jeraha dogo: ng'ombe na majani, khalas, imeisha. Huyu amemwachia kubwa. Na ndiye kati yao aliyempenda mzee zaidi.

Alhamisi, 15 Februari

Majur amepanda basi la Nimule, mpakani, asubuhi. Conrad hakuja. Proscovia alituma chapati. Mama Akuac hakulia, alimkumbusha tu kupiga simu.

Tulishikana mikono kama wanasiasa. Halafu akanikumbatia.

Mchana Alier amenipigia hotelini. Ana dereva anakuja kutoka Nairobi na anahitaji mwelekezi anayejua barabara za huku. Mshahara ni zaidi ya hoteli, zaidi sana. “Dada, fikiria,” akasema, kwa adabu kabisa. Si mtu mbaya. Nimemwambia nitamjibu Jumamosi.

Zile sababu zote nilizompa Majur kando ya mto — sasa zimekuja kukaa kwangu na virago vyao. Karo ya mdogo wangu Pal. Kodi. Bado ni za kweli.

Jumamosi, 17 Februari

Naandika ndani ya gari, barabara ya Rajaf, kitabu juu ya usukani. Ndiyo, usukani.

Conrad aliniita gereji mapema. Gia ya tatu imepona. Nikaenda kushoto kwa mazoea, nikakuta kiti kimejaa — yeye mwenyewe, na helmeti inayombana masikio. “Hapana,” akasema. “Mimi iko na gari, haina dereva. Wewe unajua hii barabara kushinda Majur. Kaa huko.” Nikamwambia sijawahi kushindana nikiendesha. Akasema hata yeye hajawahi kusoma kona, basi tutaaibika pamoja. Mshahara hakutaja. Hana.

Anasoma vibaya sana. Miwani inamteleza, anataja kona tukiwa tayari tumetoka. Mara mbili nimeenda kwenye nyasi. Lakini kabla ya daraja alisema njia ni safi, mapema, kwa sauti, na mguu wangu haukugusa breki. Sijui nieleze vipi. Mwili wote ulicheka. Yeye alipiga dashibodi kwa kiganja, akaniambia nimechelewa kugeuza usukani pale mwanzo, turudie.

Halafu rejeta ikachemka. Akaenda mtoni na jerikeni, na hapo ndipo simu ikaita. Alier. Nikaiacha. Ikaita tena akiwa amesharudi, iko kwenye kiti chake, jina linawaka. Alilisoma.

“Shika,” akasema. “Iko kazi hiyo. Shika.”

Akafungua boneti, na sasa simwoni uso. Nasikia maji tu. Anayamimina polepole, polepole sana kuliko rejeta inavyohitaji, ili anipe nafasi ya kuongea.

Simu ilikatika. Sasa inaita tena.