Mbuzi wa Kutolewa na Wimbo Wake

Jumamosi, 1 Februari
Nimekamua mbuzi wote. Adey wa mwisho, kama kawaida. Kisha lori likaja kumchukua. Klabu yetu ya huduma, sisi wanawake wa Garissa, haitoi vilivyochakaa. Kila mmoja ametoa mbuzi wa maziwa kwa familia za Kotile zilizomaliziwa mifugo na ukame. Wengine wametoa wa wastani. Mimi nimetoa Adey, bora kuliko wote, na nilitaka waone. Wameona. Mutheu, muuguzi na katibu wetu, amempiga picha peke yake. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Jumatatu, 3 Februari
Adey yuko kwa Sahra, mama wa mapacha. Nimewasimulia walimu wenzangu. Mara mbili. Wavumilie.

Jumatano, 5 Februari
Mutheu amepiga simu kutoka Kotile. Adey hakamuliki. Anabana maziwa. Nyuma yake nikamsikia Sahra: "Wallahi hii mbuzi nabiga teke! Haitaki mimi." Uji wa mapacha bado ni unga na maji. Siku chache zaidi, maziwa yatakauka.
Uso umenishuka. Mbuzi wangu, anitie aibu! Nikasema Sahra hajui kukamua. Mutheu akauliza mimi humkamua vipi. Nikasema kawaida tu. Uongo mtupu.

Alhamisi, 6 Februari
Ukweli: humkamua nikimwimbia. Wimbo aliutunga marehemu mama, jina lake limo ndani. Bila huo wimbo Adey hatoi hata tone. Nimetoa mbuzi, wimbo nikaubania. Sikutaka kuutoa. Bado sitaki. Mama hakuniachia kingine. Leo nimegombana na kila mtu, mpaka na birika.

Jumamosi, 8 Februari
Kotile. Vumbi tupu. Adey alinijua kwa sauti, akaja mbio. Nikavimba kichwa mbele ya kina mama wote. Kisha nikawaona wale mapacha, shingo nyembamba, wametulia mno. Watoto wa umri ule hawatulii.
Basi. Nikachuchumaa, nikaimba. Sahra kando yangu, mkono wake juu ya wangu. Wimbo aliushika upesi kuliko nilivyopenda. Jioni nikajificha nyuma ya ua, yeye akaimba peke yake. Nikasikia maziwa yakigonga sufuria. Mengi. Mapacha wakanywa uji mweupe.
Sijawahi kujivunia klabu hii kama leo. Mutheu alilia palepale. Mimi nilingoja garini.

Alhamisi, 13 Februari
Nimesahihisha madaftari. Mutheu ametuma rekodi fupi. Sahra anakamua, anaimba. Jina la mama ameliondoa, ameweka majina ya mapacha. Iliniuma. Nikasikiliza tena. Maziwa yanashuka bila kukatika, na mtoto mmoja anapiga kelele.
Nimempigia Sahra. Nimemfundisha ubeti wa pili.